Shemeji Atasoma Mwenyewe

Ukitaka kumjua Kasuku, utamsikia kabla hujamwona. Karakana ya makochi iko nyuma ya duka la rangi. Unapita kichochoro chenye harufu ya gundi, na kabla hujafika mlangoni tayari kuna mtu anasimulia. Nyundo inagonga, mdomo unagonga. Fundi makochi kwa kawaida hufanya kazi na vimisumari mdomoni: anajaza shavu, anavisukuma kimoja kimoja kwa ulimi, anagonga, na mkono wa pili muda wote umevuta kitambaa kisilegee. Karakana nzima ilikuwa inafanya hivyo, isipokuwa Kasuku. Yeye vyake alikuwa anaviweka kwenye kopo. Alisema mdomo wake una kazi nyingine.

Shule aliiacha kidato cha pili. Akili alikuwa nazo, shida ilikuwa kutulia. Kiti cha shule kilikuwa kinamchoma, akainuka siku moja kwenda kunywa maji na hakurudi. Sasa anatengeneza viti vya watu wengine kukalia. Lakini hadithi, hapo usimguse. Angekusimulia mteja aliyeleta kochi likiwa na meno ya bandia ya babu yake ndani, au mke aliyemjua mchepuko wa mumewe kwa hereni iliyodondoka chini ya sponji, na ungeacha chakula kipoe.

Alikuwa anaishi kwa dada yake, chumba cha uani. Mume wa dada, yaani shemeji yake, ni mtangazaji wa redio. Kila jioni ana kipindi cha visa na mikasa, na wasikilizaji wanamwita Baba Simulizi. Ana sauti nzito, imeiva, ukiisikia unaweza kudhani ni ya jitu la miraba minne. Kumbe mtu mwenyewe ukimkalisha kwenye kochi la watu watatu anabaki kwenye kona kama mto uliosahauliwa.

Na visa vyake alivitoa wapi? Mezani. Kasuku anasimulia wakati wa chakula, shemeji anatafuna na kutikisa kichwa, kesho yake jioni hadithi iko hewani na mwenyewe kaigeuza imemtokea yeye. Mwanzoni Kasuku alikuwa anajisikia vizuri. Aliwaambia wenzake, "Hiyo yangu hiyo, msikilizeni anavyoiharibu katikati." Ndugu ni ndugu, na chumba cha uani kilikuwa cha bure.

Sasa ngoja nikuambie kilichoharibu mambo.

Mama yao alikuwa mfanya usafi kwenye jengo la ofisi, miaka yote ambayo Kasuku anaikumbuka. Alipolazwa alikwenda na viatu vyake vya kazi, vyeusi, visigino vimelika upande mmoja, akaviweka chini ya kitanda cha hospitali. Kila Kasuku akienda kumwona anaambiwa, "Mwanangu, hebu vipanguse." Siku ya mwisho akamwambia amvishe, kitandani pale pale, juu ya shuka. Nesi akafoka, viatu kitandani ni mambo gani. Mama akamwambia, "Niache, binti yangu. Nisije nikachelewa." Akafumba macho na viatu miguuni.

Kasuku alikuwa naye peke yake. Na yeye, mtu anayesimulia mpaka ndoto zake, kile kisa hakukitoa karakana. Alimwambia dada yake tu, jikoni, wamekaa chini wote wawili wanalia. Shemeji alikuwa sebuleni mbele ya televisheni. Sauti alikuwa ameipunguza.

Haukupita muda. Jioni moja mafundi wanafunga kazi, redio inaimba ukutani, ile sauti nzito ikaja: "Leo, wapenzi wasikilizaji, nitawasimulia kisa cha mama yangu mzazi, Mungu amlaze pema." Mama yake mzazi yuko hai, meno yote anayo, na alikuwa amempigia simu juzi yake tu kumgombeza. Akasimulia hospitali. Akasimulia viatu. Akamsimulia nesi, tena kwa sauti ya kubana pua. Halafu mwisho akaubadilisha: yule mama anaruka kutoka kitandani, anamtandika daktari teke la makalio, anatoka mbio kuwahi kazini. Wasikilizaji wakapiga simu wanakata mbavu. Karakana nayo ikacheka, maana hawakujua. Kasuku akaweka nyundo chini, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Mezani hakuzunguka.

"Shemeji, leo umesimulia nini?"

"Ulisikia? Laini zilijaa, bwana. Fundi mitambo alikuwa anajifuta machozi."

"Yule ni mama yangu."

Shemeji akatafuna, akameza. "Sikiliza, bwana mdogo. Hadithi ikishatoka mdomoni haina baba wala mama. Ni ya anayeisimulia. Mbona wewe kochi unalitengeneza na analikalia mwingine? Umewahi kumfuata mteja kwake ukamwambia inuka?"

"Baba watoto," dada akasema, "ile haikuwa ya kuchekesha."

"Mama watoto, watu wamechoka kulia. Mimi nawapa wanachotaka." Akamgeukia Kasuku tena. "Kama ni yako sana ungeiandika. Andika kitabu, tukione. Lakini nakujua, wewe kuanza hujambo. Kumaliza sijawahi kukuona. Hata chai unabakiza."

Wote wakatazama kikombe cha Kasuku. Kweli chai ilikuwa imebaki. Kasuku akakichukua, akainywa yote, imepoa na ina utando juu.

"Nitaandika," akasema. "Nitamaliza. Na utakisoma wewe redioni, kwa mdomo huo huo."

"Lete," shemeji akajibu, akavuta bakuli la mchuzi. "Nitakisoma bure."

Watu wengi wakikasirika wanavunja kitu. Kasuku alinunua daftari. Asubuhi ya kwanza akaandika ukurasa mzima kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Akafurahi. Akafika karakana akawasimulia wenzake ukurasa wa pili utakavyokuwa, na aliusimulia vizuri mno. Fundi mmoja wanayemwita Mrefu akajigonga kidole kwa kusahau nyundo iko wapi. Jioni Kasuku akakaa kuuandika huo ukurasa wa pili na hakukuta kitu. Umeshatoka. Kichwa kilikuwa kama kochi lililotolewa sponji, limebaki fremu na uzi.

Kesho yake vile vile, na keshokutwa. Kibaya zaidi, watoto wa dada walikuwa wanamwomba hadithi, naye ulimi wake haujawahi kuwa na mlinzi, anawapa. Watoto wanampa baba yao. Baba yao anaipa redio. Kwa hiyo Kasuku alikuwa anaandika kitabu cha kulipiza kisasi na wakati huo huo anamlisha adui yake. Mkuki kwa nguruwe alikuwa anaunoa mwenyewe, halafu anageuza mgongo.

Mwenye karakana ni mzee mmoja wa maneno machache, Fundi Mkubwa. Akamwita pembeni, penye kopo la gundi.

"Kasuku. Hii ukiifungua, unaipaka wapi?"

"Kwenye sponji, Fundi."

"Ukiiacha wazi ukaanza kupiga soga?"

"Inakauka."

"Haya." Akachota vimisumari kwenye boksi, akamfumbatisha mkononi. "Vitie mdomoni kama wenzako. Asubuhi, kabla ya neno lolote. Hutemi mpaka umeandika."

"Nikivimeza je?"

"Basi hicho kitabu kitakuwa kimepigiliwa vizuri."

Ndivyo ilivyoanza. Kasuku alikuwa anaamka, anaitikia salamu za nyumbani kwa kidole, anakwenda karakana kabla ya mtu yeyote, anafungua, anajaza shavu. Anachagua kochi lolote lililovuliwa kitambaa, anakaa juu ya springi tupu, anaandika. Daftari aliliacha, maana nyumbani shemeji angelifungua. Akawa anaandika nyuma ya karatasi za kaki zinazotumika kukatia vipimo. Sharti lake lilikuwa moja: kila siku ajaze kaki ya ukubwa wa kiti kimoja cha kochi. Iwe nzuri, iwe takataka, kiti kijae. Siku ya kwanza aliandika upuuzi mtupu, na kiti kilijaa. Siku iliyofuata aliandika juu ya mlango, kwa sababu ndicho kitu alichokuwa anakiona, na kiti kilijaa. Taratibu akili ikazoea, kama mbwa anayejua saa ya kulishwa. Ladha ya chuma ikigusa tu ulimi, maneno yanajipanga foleni.

Mchana ndio ulikuwa mgumu. Hadithi ya kesho ilikuwa inamwasha tumboni, inataka kutoka, na wenzake wanamchokoza.

"Kasuku, yule jamaa wa hereni aliishia wapi?"

"Mmh."

"Mmh ndiyo nini?"

Anaonyesha shavu. Wanamcheka. Mrefu akaanza kumwita Bubu. Mteja mmoja wa siku nyingi akamwuliza Fundi Mkubwa kama yule kijana amefiwa tena.

Na hasira yenyewe, unadhani hasira inakaa tu? Hasira nayo inapoa. Kasuku aliugua homa, na nani alimletea dawa na machungwa mpaka kitandani? Shemeji. Akakaa pembeni akamgusa paji la uso, akamwambia, "Pole, bwana mdogo, nyumba haina kelele bila wewe." Sasa mtu amekushika paji la uso, na wewe jana yake umemwandika kama fisi. Kesho yake mkono ulikuwa mzito. Kasuku akakaa juu ya springi zake, kaki nyeupe mapajani, akaona kama anataka kusamehe.

Akatoa simu. Kile kipindi alikuwa amekihifadhi. Akakisikiliza, nesi wa kubana pua, teke la makalio, mpaka mahali wasikilizaji wanaanza kucheka. Mmoja wao, mwanamke, alikuwa anacheka huku anasema, "Viatu kitandani, jamani, viatu." Kasuku akazima, akaandika kiti kizima bila kuinua kichwa. Tangu siku hiyo akawa anafanya hivyo kila asubuhi ambayo moyo umelegea. Wengine wanaanza siku kwa dua. Yeye alikuwa anafukua jivu, anapuliza kaa moja lililobaki, mpaka liwe jekundu.

Halafu Mrefu akafanya mambo.

Kasuku alikuwa ametoka kupeleka makochi kwa mteja. Kurudi, anakuta Mrefu ana mkasi, na sura nzima, ile ya kumweleza mwizi wa hadithi kuanzia nywele mpaka kucha, imekatwa ikawa kipimo cha mkono wa kochi. Mikono miwili, kulia na kushoto. Mabaki yamefagiliwa na kuchomwa pamoja na vitambaa.

"Wewe umekata nini?"

"Si kaki? Niliona maandishi nikadhani ni vipimo vya mteja."

"Vipimo gani vinavyoanza na 'Kulikuwa na mshenzi mmoja'?"

"Wateja wengine wana matusi, Kasuku. Mimi nitajuaje."

Kasuku akamkimbiza mpaka kwenye duka la rangi. Kisha akarudi, akaketi, akakodolea macho ule mkono wa kochi. Kipande kilichobaki kilisomeka: mwizi, mwizi mkubwa, fisi, mwizi asiye na haya. Akakisoma mara ya pili, na kwa mara ya kwanza akaona kasoro: matusi yalikuwa mengi, lakini mtu mwenyewe hayumo. Ungeweza kumvisha matusi yale mtu yeyote barabarani yakamkaa.

Kesho yake akaiandika upya na hakutukana hata mara moja. Aliandika jinsi mtu huyo anavyozungusha funguo kidoleni akisikia kitu cha kuiba. Jinsi anavyokohoa kikohozi kidogo, cha adabu, kabla ya uongo. Jinsi anavyopunguza sauti ya televisheni watu wakilia chumba cha pili. Alipomaliza akaisoma tena. Ilikuwa inauma kuliko ya kwanza mara nyingi, na alimshukuru Mrefu kimoyomoyo, ingawa kwa mdomo aliendelea kumnunia.

Wakati huo redioni mambo yalikuwa yameanza kukauka. Mezani hakuna hadithi. Kasuku anakula, anashukuru, anakwenda zake. Watoto wakiomba anawaambia, "Mjomba anaumwa koo." Baba Simulizi akaanza kurudia visa vya zamani, na wasikilizaji si wajinga, wakaanza kupiga simu kumwambia mwisho kabla hajafika. Mkurugenzi wa kituo, mama mmoja asiyecheka ovyo, akamwambia kipindi kikiendelea hivyo saa yake atapewa mtu wa matangazo ya vifo.

Siku moja shemeji akaja karakana mwenyewe. Hajawahi kukanyaga pale. Akasimama katikati ya vumbi la sponji, anazungusha funguo.

"Kasuku, habari za kazi?"

"Mmh."

"Naona umekuwa fundi kweli, vimisumari mpaka mdomoni." Akacheka peke yake. "Hivi yule mama aliyeleta kochi la kizamani, uliyesema ana kisa. Ilikuwaje kwani?"

Kasuku akasukuma kimisumari kwa ulimi, akagonga.

"Au yule mwenye hereni. Hukumaliza."

Akasukuma kingine, akagonga.

"Basi hata ndogo tu, shemeji yangu. Ya kuanzia."

Fundi Mkubwa alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanatikisika. Kasuku akamtazama mume wa dada yake kwa utulivu, shavu limevimba kama la mtoto mwenye pipi, akasema, "Mmh," akainamia kochi. Wenzake wanasema hawajawahi kumsikia Kasuku akisimulia kitu kitamu kama ile mmh.

Kitabu kikaisha. Kiliisha asubuhi ya kawaida kabisa. Alijaza kiti chake, akatazama, hapakuwa na kingine cha kusema, akatema vimisumari kiganjani na kukaa kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua. Akakusanya kaki zote, nyingine zina gundi, nyingine zina alama ya kiatu cha Mrefu, akapeleka steshenari zichapwe. Dada wa kuchapa alikuwa anacheka peke yake kwenye kompyuta. "Huyu mtu wa funguo yupo kweli?"

"Yupo," Kasuku akasema. "Na anakula sana."

Akatoa kopi mbili. Moja akampelekea mama mkurugenzi mkononi. Siku chache baadaye Kasuku alirudi kwake, wakaongea mlango umefungwa. Nyingine akaiweka mezani nyumbani, mbele ya sahani ya shemeji.

"Nimemaliza."

Shemeji akaipima uzito kwa mkono. Macho yalimng'aa kama mtu aliyeona mvua. Hakufungua. Yule bwana hajawahi kusoma kitu kabla ya kukisoma hewani. Anasema sauti inapoteza utamu ikionja mapema.

"Nitakusaidia," akasema. "Kidogo kidogo, kila jioni. Na nitakutaja, usijali, wewe ni damu."

Kweli alimtaja. "Kitabu hiki kimeandikwa na kijana niliyemlea mwenyewe." Dada alikuwa anakunja nguo, akaguna.

Jioni za kwanza zilikuwa za makochi na wateja wao, na mji ukanasa. Kisha akaingia mtu wa funguo. Baba Simulizi alimsoma kwa raha zote. Kile kikohozi alikikohoa hasa, cha adabu kabisa, na alipofika kwenye televisheni iliyopunguzwa sauti alipunguza na yake, karakana nzima ikashikilia viti isianguke. Kila anayemjua alijua. Muuza magazeti alijua. Fundi mitambo wake, nasikia, alilazimika kutoka nje.

Shemeji akarudi nyumbani anapiga mluzi.

"Kasuku, huyu mwizi wako nimemjua."

Kasuku akaacha kutafuna. Alikuwa amezisubiri hizo dakika kuliko mshahara.

"Ni yule mtangazaji wa michezo," shemeji akasema. "Anayekaa meza ya jirani. Umempata sawasawa, bwana. Mtu ovyo sana yule." Akazungusha funguo, akazitupa juu ya kabati.

Kasuku alihisi kama mtu aliyerusha teke akakuta hewa. Kazi yote ile, shavu lenye vidonda, jivu la kila asubuhi, na nguruwe hauoni mkuki.

Dada ndiye aliyesema. Hakuinua uso kwenye nguo za watoto.

"Ni wewe, baba watoto."

"Nani ni mimi?"

"Mwenye funguo. Mji mzima unajua. Leo sokoni wameniuliza kama nyumbani pia unakohoa hivyo."

Shemeji akakohoa. Kikohozi kidogo, cha adabu. Akajisikia mwenyewe akikohoa, mkono ukabaki mdomoni. Kisha akavuta zile karatasi, na kwa mara ya kwanza maishani akasoma mbele ya alipofika. Alifunua, akafunua, akasimama. Uso ulimshuka kama kitambaa kilichokatwa uzi.

"Hii sura ya viatu," akasema. "Mbona umeiandika kwa 'mimi'?"

"Mwizi ndiye anayesimulia hapo," Kasuku akajibu. "Anakiri."

"Lakini nikiisoma hewani, si itakuwa ni mimi ninayesema?"

"Si uliniambia mwenyewe? Hadithi ni ya anayeisimulia."

Baba Simulizi akamtazama mke, mke anakunja shati. Akashusha sauti.

"Shemeji. Wewe ni mdogo wangu. Ulipoumwa nilikaa kitandani kwako. Nisome yote, nisome funguo, nisome kikohozi, watu wacheke wanavyotaka. Hiyo moja tu tuiruke."

Nikuambie ukweli, yale machungwa Kasuku aliyakumbuka. Lakini akamkumbuka na yule mwanamke wa viatu, jamani, viatu.

"Mkurugenzi wako ana kopi," akasema. "Sura anayoisubiri ni hiyo. Ameniambia isipungue hata nukta, ama saa yako ya jioni anaigawa."

"Basi kesho utafute pa kulala."

"Nimeshapata, shemeji. Nyuma ya karakana, Fundi Mkubwa amenipa chumba cha kuwekea sponji. Nalala laini kuliko wewe."

Ilipofika jioni ya sura ya viatu, haikumkuta Kasuku karakana. Alikwenda kwa dada. Wakakaa jikoni chini, pale pale, redio juu ya kiti, watoto wametumwa kwa jirani. Mlio wa kipindi ukapita. Halafu kimya, kirefu kwa redio, mpaka dada akadhani betri imekwisha.

"Mama huyu," ile sauti nzito ikaanza, na haikuwa nzito sana, "hakuwa mama yangu. Mama yangu yuko hai. Hadithi hii niliichukua jikoni kwa watu, wakiwa wanalia, na mimi nimepunguza sauti ya televisheni ili nisikie vizuri. Kisha nikaichekesha."

Ikasimama. Ikatafuta maji, glasi iligonga kipaza sauti. Sauti ikarudi, ikasoma hospitali, ikasoma visigino vilivyolika upande mmoja. Nesi safari hii alisomwa kama binti mchovu aliye zamu tangu alfajiri, kama alivyokuwa. Hapakuwa na teke. "Niache, binti yangu," redio ikasema. "Nisije nikachelewa."

Simu zilifunguliwa. Wa kwanza kupiga alikuwa mzee, akauliza taratibu tu, "Baba Simulizi, hivi hukuona haya?" Na Baba Simulizi, hewani, mji mzima unamsikiliza, akajibu, "Sikuona." Hilo halikuwa kwenye kitabu.

Dada alikuwa anajifuta kwa ncha ya kanga. "Ameisoma vizuri," akasema.

"Ameisoma vizuri," Kasuku akakubali, na ilimuuma kukubali.

"Umeridhika sasa?"

Kasuku akanyoosha mkono, akaongeza sauti, maana kipindi kilikuwa kinafungwa na Baba Simulizi anatangaza cha kesho.

"Sura bado zipo, dada," akasema. "Kesho jioni anakuja mama yake mzazi, nimemweka na meno yake yote."